Digidigi, Kiboko na Shamba la Choya

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walipika, walifua na kualikana harusini kama sisi, palikuwa na Digidigi, mama mjane mwenye miguu kama njiti.

Shamba hakuwa nalo. Alilima bondeni, kwenye ardhi ya Bwana Kiboko, na mwaka ule alipanda choya tupu. Binti yake Shani alikuwa anaolewa, na kwao harusi bila sharubati nyekundu ya choya si harusi, ni kikao.

Choya ikachanua. Maua meupe yenye jicho jekundu yakajaa shamba zima. Kiboko akatoka mtoni, bwata! bwata! bwata!

"Digidigi! Nimekuja kuchukua choya yangu."

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nusu yako?"

"Nusu? Yote! Ardhi ya nani?"

Moyo wa Digidigi ukapiga pu! Aliogopa kweli, wanangu. Lakini akamwona Kiboko anayakodolea macho maua huku anameza mate. Akajua: kumbe huyu bwana hajawahi kuingia jikoni! Anadhani sharubati hutoka kwenye ua.

"Ardhi ni yako, bwana. Ila desturi ya bonde unaijua: mwenye ardhi huchagua kwanza, mkulima huchukua kinachobaki. Unataka maua haya mazuri, au hivi vitako vidogo vilivyoyashika?"

"Vitako? Ha! ha! ha! Nipe maua! Vitako kaa navyo wewe!"

"Nawe utasema hivyo mbele ya majirani?"

"Hata mbele ya mbingu!" akanguruma Kiboko, mpaka Kobe na Kanga wakatoka nje wakasikia.

Kisha akanyoosha domo lake ang'oe ua. Lo! Likitoka na kitako chake, sharubati imekwisha!

"Aa, bwana mkubwa!" Digidigi akaruka mbele yake. "Mtu wa hadhi yako ahangaike kuchuma? Tandika mkeka ukae. Jioni yatakuangukia yenyewe."

Kiboko akatandika, akajinyoosha. Jioni, tap! tap! maua yakamdondokea tumboni.

"Mmeona? Hata maua yananisujudia!"

Akarudi kila siku, akajaza magunia manne. Alipomaliza, vitako vikanenepa, vikawa vyekundu pyu! Digidigi akavichuma, akavianika, akavichemsha kwa tangawizi na sukari.

Siku ya harusi, vigelegele vimepamba moto, Kiboko akaingia na sufuria kichwani.

"Mwizi! Nimechemsha magunia yote manne, imetoka tope!"

"Ulichagua nini, bwana?"

"Maua."

"Na mimi nikabaki na nini?"

Kobe akajibu polepole, "Vitako."

Harusi nzima ikaangua kicheko. Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto, mashahidi watupu. Digidigi, furaha imemjaa kifuani, akamjazia kikombe. Kiboko akanywa, gu! gu! gu! akafumba macho kwa utamu.

"Sawa," akasema. "Mwakani nachagua vitako vya maua!"

"Karibu sana, bwana," akasema Digidigi. "Mwakani napanda karanga."

Basi ndivyo ilivyokuwa, wanangu: atakaye kuvuna asichokilima huchagua asichokijua.