Nyamvula na Pengo la Ngoma

Paukwa!

Pakawa!

Ngoma!

Ya ngozi!

Ngozi ikilowa?

Haisemi!

Basi sogeeni, niwaambie ya ngoma iliyolowa.

Palikuwa na kijiji kando ya mto. Ng'ambo ya mto palikuwa na msitu, na ndani ya msitu aliishi Zimwi.

Zimwi huyo havuki mto. Nani alimkataza, hatujui. Alikula kile tu kilichovuka kwenda kwake. Mbuzi akivuka, ameliwa. Mbwa akivuka, ameliwa. Mtu akivuka, ameliwa.

Kijiji kilikuwa na ngoma moja kubwa, jina lake Vumi. Kila jua lilipoinama, fundi Semboja, aliyewamba ngoma zote za pale, aliipasha Vumi motoni mpaka ngozi ikakaza. Kisha akawaita watoto walioshinda mashambani wakiwinga ndege kwenye mpunga. Vumi ilisema:

Rudini, rudini, moto umewaka.
Rudini, rudini, chungu kimeiva.
Rudini, rudini, nani yuko njiani?

Hapo Semboja huinua mikono juu, akanyamaza. Mlio ule ulikuwa na pengo, na ndani ya pengo lile watoto waliitikia kwa pamoja kutoka mashambani: "Ni sisi!"

Akishawasikia, ndipo hupiga tena.

Watoto nao walikuwa na amri yao. Usiondoke shambani mpaka Vumi ikuite. Ikikuita, fuata mlio. Kwa maana matete ya huko yalikuwa marefu kuliko watoto, na macho hayakuona kitu. Njia yao ilikuwa sikio.

Basi Semboja alikuwa na mpwa wake, binti wa dada yake, jina lake Nyamvula. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Na mtoto huyo alipenda ngoma. Alipenda ngoma kuliko wali, kuliko asali, kuliko usingizi. Akitwanga, mchi ulicheza. Akichekecha unga, chekeche lilicheza. Akilala, vidole vilikuwa vikigonga mkeka.

Siku moja akamwendea mjomba wake penye moto wa kupashia ngoma.

"Mjomba, shikamoo. Uniwambie na mimi ngoma. Ndogo tu."

"Marahaba. Kaa mbali na ngozi, Nyamvula."

"Kwa nini, Mjomba?"

"Wewe ni mtoto wa mvua. Ngozi na mvua hazikai nyumba moja. Ukiigusa, italegea."

Ndivyo watu wa pale walivyoamini, na hakuna aliyewahi kujaribu aone.

Nyamvula akarudi nyumbani na machozi. Mama yake alikuwa anachota maji kwa nusu ya buyu kubwa. Akamtazama, akalipindua lile buyu kifudifudi juu ya maji ya chungu, likaelea. Akaligonga kwa mwiko. Buyu likatoa sauti nzito, ya tumboni: ndu! ndu! ndu!

"Haya," mama akasema. "Hiyo haina ngozi. Ilegee nini?"

Nyamvula akapiga siku nzima. Lakini jioni watoto waliporudi kutoka mashambani, Bakuza, mtoto wa Semboja, akachungulia mlangoni akacheka.

"Nyamvula, unapiga ngoma au unaosha vyombo?"

"Toka hapa!"

"Ngoma ya jikoni! Ikichacha uitie chumvi!"

Mbaruku, mdogo wake Nyamvula wa tumbo moja, akacheka naye. Basi Nyamvula akalitundika buyu ukutani, asilitazame tena. Alitaka ngoma ya kweli. Yenye ngozi, yenye kamba, yenye miguu.

Siku moja akaenda mtoni peke yake kuteka maji. Katikati ya mto kulikuwa na jiwe kubwa, si huku si kule, na juu ya jiwe aliketi mzee mwenye kilemba kikubwa. Mbele yake palikuwa na ngoma ndogo nzuri, ngozi yake laini, haina hata unywele mmoja.

"Karibu, mjukuu wangu. Vidole vyako naviona vinawasha."

Nyamvula akarukaruka juu ya mawe ya kuvukia hadi jiwe kubwa. Akaigusa ngoma. Haikulegea. Akaipiga. Ikalia kama kitu kilicho hai.

"Ngozi ya nini hii, babu?"

"Usiulize ngozi. Uliza sauti."

Chini ya kilemba, huko kisogoni, kitu kikanong'ona: "Tamu, tamu, tamu."

"Nini hicho, babu?"

"Nyenje tu, mjukuu wangu. Njoo kesho."

Siku ya pili akaenda. Akapiga mpaka mikono ikauma. Mzee akasema, "Unaitaka?"

"Naitaka."

"Nami nataka kitu kidogo. Nifunze mlio ule wa jioni kwenu. Nausikia kwa mbali, siupati vizuri. Kesho unifunze, ngoma ni yako."

Na kisogoni: "Tamu, tamu, tamu."

Usiku ule Nyamvula hakulala. Moyo mmoja ulimwambia, mlio huo ni wa kijiji. Moyo wa pili ukamwambia, ni mlio tu, huna ulichoiba. Na vidole vikamwambia, twende, twende, twende.

Siku ya tatu akaenda, akamfunza. Rudini, rudini, moto umewaka. Rudini, rudini, chungu kimeiva. Rudini, rudini, nani yuko njiani? Kisha akainua mikono, akanyamaza.

"Mbona umeacha?" mzee akauliza.

"Hapo ni pa kuitikia, babu. Unangoja."

"Ningoje nini?"

"Uwasikie."

Mzee akacheka kwa midomo miwili. "Ngoma isiyolia ni ngozi tu. Mimi siachi kitu sahanini." Akaichukua ngoma, akaupiga mlio wote, akaunganisha mwisho na mwanzo, na pengo akalimeza. Kisha akainuka, akatia ngoma kwapani, akashika njia ya msituni.

"Babu! Ngoma yangu!"

"Kesho, mjukuu wangu. Kesho."

Kesho hakuwapo. Kesho kutwa hakuwapo. Nyamvula akajua kuwa yule alikuwa Zimwi, na hakumwambia mtu.

Basi mvua za masika zikaja. Siku moja zilinyesha tangu alfajiri, na watoto walikuwa mashambani, maana mpunga ulikuwa umeiva na ndege hawajali mvua. Jioni Semboja akaiweka Vumi motoni. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Akagonga ngozi: pwa. Akageuza, akagonga tena: pwa.

"Kaka," mama yake Nyamvula akasema, "twendeni tukawachukue kwa miguu."

"Tutapishana nao kwenye matete, giza linaingia. Wao wanangoja mlio. Subirini, ngozi itakaza."

Wakasubiri. Hilo ndilo kosa lao. Walisubiri ngozi.

Mara wakasikia, kwa mbali: Rudini, rudini, moto umewaka.

Mama akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, Kaka, umeiweza."

Semboja alikuwa ameshika ngoma iliyolowa, mikono imetulia. "Mimi sijapiga," akasema.

Watu wote wakageukia mto. Mlio ulitoka ng'ambo ya mto.

Nyamvula akapiga magoti kwenye tope. "Mjomba, ni mimi. Ni mimi niliyemfunza. Aliniahidi ngoma."

Semboja akamtazama. Hakumpiga, wala hakumtukana. Aliibeba Vumi mgongoni, kwa mazoea ya mtu asiyejua aache nini nyuma, akakimbia. Na kijiji kizima kikakimbia nyuma yake. Mama yake Nyamvula alipita nyumbani, akalitungua buyu ukutani, akajifunika nalo kichwa asilowe, akamshika binti yake mkono.

Wakafika mtoni. Nyayo ndogo zilishuka mpaka mawe ya kuvukia, zikaishia hapo. Mto ulikuwa umejaa, mawe yamezama, jiwe kubwa la katikati tu limebaki juu. Watoto walikuwa wamekwisha kuvuka.

Wakaita. "Bakuza! Mbaruku! Rudini!" Mvua ikaimeza sauti. Semboja akaipiga Vumi kwa ngumi zote mbili: pwa, pwa, pwa. Na huko msituni ngoma ya Zimwi ililia bila kupumua, rudini, rudini, rudini, nayo ilikuwa inazidi kwenda mbali.

Nyamvula akamtazama mama yake, akaliona lile buyu kichwani.

"Mama, nipe."

Kando ya mto palikuwa na kidimbwi, maji yake yametulia nyuma ya mizizi. Nyamvula akaingia mpaka kifuani. Mama akamkumbatia kiunoni asichukuliwe. Akalipindua buyu juu ya maji. Akainua mkono, akasita.

Semboja akapiga kelele kutoka ukingoni, "Piga, mwanangu! Piga, mtoto wa mvua!"

Akapiga. Ndu, ndu. Sauti haikwenda juu kwenye mvua. Ilikwenda chini, ikasafiri na maji, ikaingia kwenye mizizi ya ng'ambo, ikapanda kwenye udongo.

Rudini, rudini, moto umewaka.
Rudini, rudini, chungu kimeiva.
Rudini, rudini, nani yuko njiani?

Akainua mikono, akangoja. Kimya.

Akapiga mara ya pili. Nani yuko njiani? Akainua mikono, akangoja. Kimya. Zimwi akazidi kupiga, haraka, haraka, bila nafasi ya kupenyeza hata unywele.

Akapiga mara ya tatu. Nani yuko njiani? Akainua mikono. Akangoja, akangoja.

Msituni, sauti moja nyembamba: "Ni sisi!"

Alikuwa Mbaruku. Baadaye alisimulia hivi: "Tulifuata mlio kwa sababu tulikuwa na baridi. Lakini kila nikitaka kuitikia, nakosa pa kuitikia. Nikaogopa. Kisha nikausikia mwingine chini ya miguu yangu, nao unaningoja."

Nyamvula akapiga, watoto wakaitikia, sauti zikakaribia. Semboja akachomoa kisu, akaifungua Vumi, akazichomoa kamba zake za ngozi zote, akaziunga ikawa kamba moja ndefu. Ncha moja akawaachia watu ukingoni, akajitosa hadi jiwe la katikati, akairusha ncha ya pili ng'ambo. Mbaruku akaidaka, akaifunga mtini. Watoto wakaja mmoja mmoja, maji shingoni, mikono kwenye kamba ya ngoma.

Wa mwisho alipogusa jiwe, Zimwi akatokea ukingoni kwake. Kilemba kilikuwa kimeanguka, na mdomo wa kisogoni ulikuwa wazi. Akapiga ngoma yake. Akapiga, akapiga, akapiga, bila kuacha pengo, na kwa kuwa hakuacha pengo hakuitikiwa na mtu. Mwisho ngozi ikapasuka. Akageuka, akaingia msituni, na mlio hana tena.

Semboja akawapapasa watoto vichwa gizani, mmoja baada ya mwingine.

"Bakuza yuko wapi?"

Watoto wakamgeukia Mbaruku.

"Mbaruku. Bakuza yuko wapi?"

"Alitangulia, Mjomba," Mbaruku akasema. "Alisema yeye mkubwa, apime njia. Alitangulia mbele yetu sote."

Semboja akasimama juu ya jiwe lile mpaka watu wakaenda kumshika.

Matanga ya Bakuza yakakaliwa, matanga yakaondolewa. Siku moja Semboja akaja nyumbani kwa dada yake. Mkononi alikuwa na fimbo fupi ya mpingo, ncha yake ameizungushia ngozi, ngozi ya Vumi. Akampa Nyamvula.

"Mwiko si wa kupigia ngoma," akasema. "Hiyo yako ni ngoma. Ngozi ikilegea, wewe ndiye utakayeita."

"Mjomba, nisamehe."

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Alikaa kizingitini, akatazama mashamba. "Jua linainama," akasema. "Ita watoto."

Basi Vumi ikawambwa upya, na tangu siku hiyo kijiji kile kina ngoma mbili, ya moto na ya maji. Na Nyamvula kila jioni aliwaita watoto. Alipouliza, nani yuko njiani, aliinua mikono, na watoto wakaitikia, "Ni sisi!"

Kisha aliuliza tena, mara moja zaidi, polepole. Akainua mikono. Na Semboja akaketi kando yake, ametega sikio, mpaka giza likaingia.

Hadithi yangu imeishia hapo, mikono ikiwa juu.

Mafunzo yake ni haya, wanangu. Anayekuita kwa wema hungoja uitike. Anayekuita bila kukungoja, usimfuate, hata akiujua mlio wa kwenu. Ndiyo maana mimi nikisema Paukwa, nanyamaza kwanza. Nataka niwasikie wote.