Umekuwa Ukishukuru Kuni

Wapendwa, shukrani inaweza kuua? Msinijibu haraka.

Kulikuwa na mzee mmoja kule Kinangop, kwenye baridi inayopasua midomo. Nyuma ya nyumba alikuwa na mstari wa rasiberi, yale matunda mekundu laini, ukiyabana yanatoa machozi. Fito zake alizifunga kwa kamba kwenye waya, zisimame, zipate jua. Zikazaa ajabu. Bintiye alipopona homa ya mapafu, mzee aliweka ahadi: kila Jumapili ya mavuno, kikapu kimoja madhabahuni.

Sasa rasiberi ina tabia yake. Mzizi huishi miaka, lakini ufito una misimu miwili tu: wa kwanza majani, wa pili matunda, kisha unakauka. Finish. Unaukata, unampisha mdogo wake.

Mzee alikata? Thubutu. Zile fito ndizo zilizomlipia ahadi yake. Kila asubuhi alizipelekea ndoo ya maji.

Mavuno yakapungua. Akatafuta miche mipya na, haki yake tumpe, akaipanda vizuri. Aliloweka mizizi, akachimba mashimo ya kina kifupi, akaweka samadi iliyokomaa, akaikata ikabaki shibiri moja juu ya udongo. By the book. Ila aliipanda chini ya zile za zamani, na waya ulikuwa umejaa. Ikachipua, ikakosa pa kushika, ikalala kwenye matope.

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya Jumapili ya mavuno, kikapu kilikuwa kitupu. Mzee akasimama shambani na gambuti zake, anaigombeza miche.

"Miche ya siku hizi ni bure. Haina bidii. Zamani ufito ulikuwa unasimama wenyewe."

Mkewe akatoka jikoni. "Zamani nani alikuwa anafunga kamba?"

"Si ni mimi?"

"Na hii umeifungia wapi?"

"Waya umejaa, Mama Gathoni. Nizifukuze hizi? Zilizotutendea wema? Watu wataniona sina shukrani."

Mama akausogelea waya. Alishika ufito wa kwanza akaukunja. Ko. Ukavunjika kama biskuti, ndani vumbi. Wa pili, ko. Wa tatu.

"Baba Gathoni," akasema polepole, "umekuwa ukishukuru kuni."

Mzee aliitazama ndoo mkononi mwake. Ndoo ngapi hizo? Akaiweka chini, akachukua kisu. Akakata ufito mmoja, akauambia asante. Akakata mwingine, asante. Alisema asante mpaka ufito wa mwisho. Chai ya jioni hiyo ilichemshwa kwa zile fito, na aliinywa taratibu. Kisha akainua miche, myembamba kama mtu aliyetoka wodini, akaifunga mmoja mmoja.

Jumapili ile alipeleka kikapu kitupu madhabahuni, kichwa juu. Mwaka uliofuata kikapu hakikutosha, wakaazima cha jirani.

Wapendwa, sisi vijana hatukusimama hapa kulaumu. Tunashukuru, na tunamaanisha. Ni nyinyi mlionunua kuku mmoja mara tano kwenye mnada wa harambee ili twende chuo. Kina mama, mayai yenu tunayakumbuka. Mlituloweka mizizi, mkatutilia samadi. Mungu awakumbuke.

Lakini tumelala chini ya waya. Tuna digrii, tuna picha za gauni la kukodisha ukutani kwa mama, na tukibisha hodi tunaulizwa, "Experience iko wapi?" Experience ya kusimama mtu ataipata wapi akiwa amelala?

Na nyinyi mnaokalia ofisi, mliostaafu mkajiandikia contract, mkastaafu tena mkajiandikia nyingine: wema wenu hatuukani. Tutawaita kwenye chai, with pleasure. Lakini kamba mnazo nyinyi, na kisu mnacho nyinyi. Kabla ya Jumapili ya mavuno, kila mmoja wenu afungue kamba moja. Moja tu. Kisha aje asimame hapa mbele, atuambie ni ipi, na amefunga nani mahali pake.