Amekwenda Kuleta Chumvi

Sogeeni, wajukuu wangu, sogeeni. Zamani sana, zamani ya zamani, milima hii ilipokuwa bado haina majina na fisi wakipita uani mchana kweupe, paliondokea mtu na mkewe. Wewe Mbazi, acha kumfinya mwenzako! Mkitaka kisa, nipeni masikio. Msipotaka, ondokeni ninuse ugoro wangu.

Mume aliitwa Mbonea, mke Namvua. Walijaliwa binti wawili: Nakijwa, wa miaka kama saba, na mdogo wake Sekiete, ambaye hata kusema kulikuwa hakujamnyookea. Huko kwao chumvi haikuwepo. Iliokotwa nyikani, mwendo wa siku nne, na watu wakaenda, wakaenda, wakarudi na mizigo vichwani.

Tena walikuwa na mwiko. Mtoto ambaye hajang'oka meno ya utoto hatajiwi kifo. Mtu akifa, watoto huambiwaje? "Amekwenda kuleta chumvi." Semeni nami: amekwenda kuleta chumvi. Ee, hivyo hivyo, kwa macho makavu.

Sasa asubuhi moja Nakijwa akamwaga chumvi. Chungu chote, jivuni! Namvua, mimba imekomaa na mgongo unamuuma, akafoka: "Mtoto gani wewe! Sasa nani atakwenda kuleta nyingine?" Jioni uchungu ukamshika. Kulipopambazuka alikuwa amekufa, yeye na kichanga chake. Watoto walipelekwa kwa jirani, na waliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa, majani yametandazwa juu.

Nakijwa akauliza, "Mama yuko wapi?" Wakamwambia nini? Mnajua. Amekwenda kuleta chumvi.

Mnaona walichomfanyia? Wala hawakujua. Mimi hata leo nikifika hapa moyo huniuma.

Msafara wa chumvi ukarudi. Nakijwa yuko njiani, anatazama uso mmoja mmoja. "Mama yangu mmemwacha wapi?" Wakatazamana. "Yuko nyuma, anakuja." Akangoja mpaka jua likazama. Msafara wa pili ukarudi. "Mama yangu?" "Yuko nyuma, anakuja." Akangoja. Wa tatu uliporudi hakuuliza tena. Akamwendea baba yake.

"Baba, mama bado ana hasira na mimi?"

"Hasira ya nini, mwanangu?"

"Nilimwaga chumvi."

Mbonea akafungua kinywa. Akawakumbuka wazee, akaukumbuka mwiko, akakifunga. Kisha akasema, "Hana hasira. Atarudi."

Kesho yake Nakijwa akachukua kikapu kidogo, akamwambia Sekiete, "Nakwenda kumsaidia kubeba. Nikimbebea, hasira zitamwisha." Akashika njia ya nyikani, hana hata kibuyu cha maji. Sekiete alipoweza kueleza, jua lilikuwa limeshapinduka.

Wakamtafuta siku tatu. Walimkuta chini ya mgunga, midomo imepasuka kwa kiu, kikapu amekikumbatia. Amekufa. Ndiyo, Mbazi, amekufa, umesikia vizuri.

Machela ilipofika nyumbani, Sekiete akaja mbio. "Dada yuko wapi?" Mzee Kangero, mkubwa wa ukoo, akawahi kujibu: "Dada yako amekwenda..."

"Usiseme, baba mkubwa, nakuomba," Mbonea akamkata. Akapiga magoti mbele ya mtoto. "Dada yako amekufa, Sekiete. Na mama yako alikufa."

"Kufa ni nini?"

"Hapumui tena. Hasikii njaa, hasikii baridi. Hatarudi, hata tukimwita."

"Mimi nilikosa?"

"Hukukosa. Dada yako naye hakukosa. Niliyekosa ni mimi. Nilimdanganya."

Sekiete akafunua nguo iliyofunika machela, akamshika dada yake mkono. "Wa baridi," akasema. Ndipo akalia, wakalia wote. Kesho yake akauliza tena, Mbonea akajibu tena. Akauliza, akajibu, akauliza, akajibu. Wazee wakamkasirikia, wakamtenga mwaka mzima. Yeye akaendelea kujibu, na Sekiete akakua.

Basi funzo ndilo hilo. Mtoto usipomwambia, atajitungia mwenyewe, na mara nyingi hujitia hatiani. Mama zenu hawataki niseme, lakini nasema. Wamewaambia babu yenu kachoka tu, akilala atapona. Hatapona. Babu yenu anakufa, wajukuu wangu, huenda kesho, huenda kesho kutwa. Si kwa ajili ya kelele zenu, wala si kwa sababu Mbazi alimvunjia kiko chake. Ni uzee, na kifua. Mimi pia naogopa.

Kisa changu nimekitua hapa. Kizuri chake chukueni, kizito chake niachieni mimi. Haya, inukeni, tukamwamkie angali anasikia.