Kapu la Bi Kindi na Moshi wa Fukeni

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimeshapita, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na midomo ya kusutana kama sisi. Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio. Ukikosa mwanzo usije kuniuliza mwisho.

Palikuwa na kijiji kikiitwa Fukeni. Huko heshima ya mtu haikuwa nguo wala pembe. Heshima ilikuwa moshi! Nyumba iliyofuka moshi kutwa ndiyo iliyoitwa nyumba ya watu. Hata salamu yao ilikuwa hiyo.

"Moshi wako u juu?"

"U juu, mwenzangu. Wako je?"

"Wangu? Umeshapita mawingu!"

Basi wakawa wanachochea tu. Chakula kikiiva, moto hauzimwi, ni aibu. Kuni zikiwa kavu, zikawaka bila kufuka, wanazinyunyizia maji. Mnacheka? Ndivyo walivyokuwa, na wala hawakuwa wabaya. Waliwakuta baba zao wakifanya hivyo, nao wakafuata.

Aliyeongoza kwa moshi alikuwa Bwana Tembo. Alikuwa na watoto wengi, walaji wote, na chakula chao kilikuwa makande. Nanyi mnayajua makande: mahindi na maharage makavu yale, hayaivi kwa kubembelezwa. Mkewe, Bibi Tembo, alishinda jikoni mpaka macho yakawa mekundu, na kifua kikawa kinambana. Koho! Koho! Wa pili kwa moshi alikuwa jirani yao, Bwana Kifaru, na huo upili ulimnyima usingizi.

Sasa miti nayo haiko kama nywele, ukinyoa leo zikaota kesho. Wakakata huku, wakakata kule. Mvua zikaanza kukawia. Joto likazidi, hewa ikawa nzito kama ya ndani ya blanketi. Chemchemi ya kijiji, iliyokuwa ikicheka, ikawa inatoa maji kwa kununa. Ukabaki mti mmoja tu mkubwa, mkuyu ulioinamia chemchemi hiyo.

Na ndani ya tundu la mkuyu huo alikuwa akiishi Bi Kindi na watoto wake wachanga. Wachanga hasa, hata macho hawajafumbua.

Asubuhi moja Bi Kindi alikuwa akiwanyonyesha, mara akasikia du! du! du! Nyumba yote ikatikisika. Akachungulia. Chini amesimama Bwana Tembo na shoka begani, na Bwana Kifaru anaupimapima mti kwa pembe.

"Utatoa kuni za kututosha mpaka mavuno," Kifaru alikuwa akisema.

Bi Kindi hakusubiri. Akashuka shina kichwa chini, mbiombio, akasimama mbele ya miguu ile minene.

"Shikamoo, Bwana Tembo."

"Marahaba, mama wa watoto. Moshi wako u..." Tembo akakatiza, akaona haya. "Ah, nisamehe. Nilisahau kwamba wewe huna."

"Sina, bwana. Nina watoto. Wako humo mnamotaka kukata."

Tembo akalishusha shoka. Hakuwa na roho mbaya, nimeshawaambia. "Pole sana, Bi Kindi. Lakini na mimi nina wangu. Nisipopata kuni, watakula nini?"

"Watakula makande, kama siku zote."

"Bila moto?"

"Kwa moto kidogo. Bwana Tembo, tushindane! Tupike makande mimi na wewe, kesho asubuhi, kwa kuni za aina moja. Maji yakitokota tu, mimi sufuria yangu naiepua. Wewe endelea kuchochea mpaka adhuhuri. Yangu yakiwa mabichi, kata mti; nitabeba watoto wangu mdomoni mmoja mmoja, nisikulaumu. Yakiiva, mkuyu ubaki."

Kifaru alicheka mpaka akakaa chini. "Ha! Makande ya kutokota mara moja! Yatakung'oa meno!"

"Halafu atapika kwenye kifuu cha nazi," akaongeza, "aseme yameiva."

"Sipiki kifuuni," alisema Bi Kindi. "Nitapika kwenye sufuria ya Bwana Tembo mwenyewe, ile ya shughuli."

Hapo hata Tembo akacheka. Wakakubaliana.

Wanangu, msidhani Bi Kindi alikuwa akibahatisha. Kila alipotoka kutafuta chakula aliwafunika watoto wake kwa majani makavu, akawashindilia vizuri, asiache upenyo. Akirudi jua limepanda, anawakuta na joto lile lile alilowaachia. Kitu kilichowatosha watoto, aliwaza, kwa nini kisitoshe sufuria? Akajaribu kwa kisufuria chake kidogo, mara nyingi, kimyakimya. Hakumwambia mtu. Nani Fukeni angemsikiliza asiye na moshi?

Siku hiyo akaomba kapu kubwa la kuvunia, akalijaza nyasi kavu, akaacha shimo katikati. Na makande akayaloweka mapema, yakalala majini. Tembo wala hakuwa na habari ya kuloweka. Yeye kazi yake kuchochea.

Kesho yake kijiji kizima kikajaa uwanjani. Sufuria mbili zikatelekwa. Moto ukawaka, moshi ukapanda, wazee wakaitikia, "U juu! U juu!"

Baada ya muda, bwata! bwata! bwata! Sufuria zikatokota. Bi Kindi akaacha yake ibwate kidogo, roho juu, kisha akapiga makofi.

"Inatosha! Bwana Tembo, wewe ndiye mwenye nguvu hapa Fukeni nzima. Hakuna mwingine wa kuiepua sufuria hii. Au nimwite Bwana Kifaru?"

"Kifaru? Huyu?" Tembo akauzungushia mkonga tambara, hop! akainyanyua.

"Nipelekee pale mkuyuni. Polepole. Iteremshe ndani ya kapu. Aa, mkonga gani huu, jamani!"

Tembo akaiteremsha, kifua kimemtanuka. Hata hakutambua kwamba anamfanyia kazi mpinzani wake. Bi Kindi akafunika, akashindilia nyasi juu, akatandika blanketi, akakalia.

"Sasa?" aliuliza Tembo.

"Sasa yanalala."

"Makande yanalala?"

Bi Kindi akavuta blanketi, akalinyoosha. Nikiwaambia ni nyasi tu, aliwaza, watabeba kapu lao waende, na mkuyu wataukata vile vile. Ndipo ulimi ukamteleza, na aliuachia uteleze.

"Ni kivuli cha mkuyu, bwana. Ndicho kinachoivisha. Mti mkubwa ulio hai una joto lake la siri. Mti ukifa, kapu nalo limekufa."

"Uongo!" alifoka Kifaru. "Nitakaa papa hapa nilinde. Asije akachomeka kaa la moto!"

Akakaa. Alilinda kweli, kwa nusu ya nusu saa. Kisha khrooo! khrooo! usingizi ukambeba.

Kule uwanjani Tembo alichochea. Akachochea tena. Jua juu, moto chini, jasho linatiririka. Bibi Tembo akaja kumsaidia, akainamia moto, koho! koho! koho! mpaka akaketi chini. Bi Kindi aliyaona hayo kutoka juu ya kapu lake, na yalimuuma. Yeye alikuwa amewarudia watoto, akawanyonyesha, akashuka, wala hajashika hata ukuni.

Adhuhuri wakakusanyika. Tembo akaonja yake. "Yameiva," akasema, hoi.

Wakaenda mkuyuni, Bi Kindi akafunua blanketi. Akatoa nyasi. Akafunua sufuria. Fuuu! Mvuke ukampiga Kifaru puani, akaamka anapiga chafya. Tembo akachota, akapuliza, akatafuna.

"Loo!" alisema Tembo. "Laini! Mke wangu, hebu onja!"

Bibi Tembo akaonja. Akasimama analitazama kapu, akalitia mkono, akalinusa.

Basi mkuyu ukabaki, na kila nyumba ikaleta kapu lake chini ya kivuli. Usiku makande majini, asubuhi moto kidogo, sufuria kapuni, watu shambani. Lakini heshima, wanangu, ni ugonjwa mgumu! Moto walioupunguza kwa kupikia waliuongeza kwa kujionyesha. Makande yanalala mkuyuni, nyumbani wanachoma mabua mabichi ili moshi uonekane. Bi Kindi akatambua kwamba ameokoa nyumba yake tu. Joto lilikuwa pale pale, na watoto wake walihema tunduni ndimi nje.

Siku moja Bibi Tembo kifua kilimkataa kabisa. Hakuweza kufika mkuyuni. Akateleka makande nyumbani, akatia sufuria kapuni, akaliweka juani, mbali na kivuli chochote. Adhuhuri akafunua. Yameiva!

Du! du! du! du! Safari hii Tembo alikuja anakimbia.

"Kindi! Shuka! Umetuchezea! Kapu linaivisha hata juani! Mti wako hauna siri yoyote!"

Bi Kindi akashuka. "Ni kweli, Bwana Tembo. Kuhusu kivuli nilidanganya. Kuhusu kapu sikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na ukweli, ninyi mkaja na shoka. Ningefanyaje na wale hawajafumbua macho?"

Tembo akahema. Nyuma yake akafika Bibi Tembo, polepole, mkono kifuani. "Mwache, baba watoto. Muulize la maana. Nini kinachoivisha?"

"Joto lenyewe, Bibi," alisema Bi Kindi. "Ukishalitia, nyasi zinalifunga. Halina pa kutokea. Linazunguka humo humo mpaka kila kilichomo kiive."

Tembo akalitazama kapu. Kisha, sijui kitu gani kilimgusa, akainua kichwa akatazama juu. Moshi wa Fukeni ulikuwa umetanda, wa leo na wa jana na wa baba zao, umefunika kutoka mlima hadi mlima. Jua linaingia, joto halitoki. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Bi Kindi," alisema, na sauti imeshuka. "Ule juu kule... ni nini?"

"Ni nyasi za kapu, bwana. Tumeshindilia wenyewe."

"Na ndani ya kapu?"

Bi Kindi alimwonea huruma. "Sisi, Bwana Tembo."

Machozi makubwa yakamtoka, tone, tone. "Mke wangu," akasema, "umepikwa miaka yote hii, na mimi nasifiwa moshi."

Akageuka, akaenda zake nyumbani, akaukanyaga moto wake wa fahari kwa mguu wake mwenyewe. Chwaaa! Kijiji kizima kikatoka kutazama paa la Bwana Tembo lisilofuka. Kifaru alisubiri kuona kama anga litaanguka. Lilipokataa kuanguka, akazima na wake, huku anaona haya.

Sitawadanganya kwamba mvua ilinyesha jioni ile. Blanketi la moshi lililofumwa na mababu halikunjuki kwa siku moja. Walipanda miti kando ya chemchemi, wakangoja, wakapanda tena, na mvua zikarudi kwa kusuasua. Lakini kikohozi cha Bibi Tembo kilitulia mapema, na watoto wa Bi Kindi walipofumbua macho, kitu cha kwanza walichofanya ni kumtupia Bwana Tembo makuyu kichwani. Naye akayaokota, akala.

Na salamu ya Fukeni ikageuka: "Makande yamelala?" "Yamelala, mwenzangu. Na wewe upumzike."

Anayechochea moto wa kujionyesha huiva pamoja na chungu chake.

Yangu nimeyapakua, yaliyobaki chunguni, gawaneni bila kugombana.