Tumuulize Profesa

Haya, wapendwa, mmeimba mpaka mmetoka jasho, sasa kaeni. Na ninyi mnaochungulia saa, pilau haitaungua. Mfano wangu ni mfupi.

Kulikuwa na daktari mmoja, bingwa wa mapafu. Bingwa kwelikweli! Alisoma hata mama yake akawa anauliza, "Mwanangu, hivyo vitabu haviishi?" Akawa profesa, akafundisha chuoni, na hospitalini akawa mkubwa wa chumba cha wagonjwa mahututi. Ni kile chumba ambacho mtu akishindwa kuvuta pumzi, anapitishiwa mpira kooni na mashine inampumulia.

Alikuwa na usemi wake, kila mwanafunzi aliujua. "Mashine ni mkongojo. Mguu ukishapona, mnyang'anye mtu mkongojo, la sivyo utamlemaza kwa huruma." Kwa hiyo kila asubuhi aliagiza mashine zipunguzwe nguvu, aone kama mapafu ya mgonjwa yanaweza yenyewe. Wengi walioletwa pale wamekata kauli walirudi nyumbani kwa miguu yao.

Ila alikuwa na kasoro moja, na msimhukumu haraka. Alikuwa na daktari kijana, binti aliyemfundisha mwenyewe kwa miaka. Ana akili, ana mkono mwepesi. Lakini binti akisema, "Profesa, nadhani huyu leo tumtoe mpira," mzee anamsogeza kwa upole. "Hii niachie mimi, mwanangu." Kila mara! Yuko safarini, anapigiwa simu. Yuko harusini, kijiko kiko mdomoni, anapigiwa simu. Yuko kanisani, anatoka nje katikati ya mahubiri, na mchungaji wake ananuna. Ikawa mle ndani kila jambo, kubwa kwa dogo, jibu ni moja: "Tumuulize Profesa."

Unajua kwa nini? Ujanani mwake alimtoa mgonjwa mpira kabla ya wakati, na yule mama akafia mikononi mwake. Hakutaka mtoto wa mtu abebe mzigo ule. Jamani, huo si upendo? Wewe ungefanya tofauti?

Basi, msimu wa mvua ukaja, na profesa akapata nimonia. Yeye mwenyewe! Ikamkamata vibaya, akalazwa chumba kilekile, mpira kooni. Tukamwombea. Dawa zikafanya kazi, homa ikashuka. Asubuhi moja binti akaingia na wenzake, wakampunguzia dawa ya usingizi, mzee akafumbua macho. Binti akapima hiki, akatazama kile. Kila kitu kilimwambia, mtoe. Na alijua kwamba mpira ukikaa kooni bila sababu, kifua kinalegea na maradhi mengine yanapata njia.

Wakatazamana. Mmoja wao akasema, kwa mazoea tu, maskini, "Tumuulize Profesa."

Mnacheka? Wenzenu hawakucheka. Waliahirisha mpaka kesho. Kesho yake wakaahirisha tena, na homa ikaanza kunyemelea upya. Mke wa profesa akamshika binti mkono pale koridoni. "Mwanangu, mnasubiri nini? Mume wangu ananifia."

Binti akarudi ndani, akainama sikioni kwa mzee, akamshika mkono. "Profesa, tukutoe? Kama ndiyo, nibane mkono."

Sikilizeni. Mzee alikuwa na nguvu za kubana. Alimtazama yule binti kwa muda mrefu, chozi likamtiririka mpaka kwenye mto. Kisha akauachia ule mkono, akafumba macho.

"Amekataa," akanong'ona mwenzake.

"Hajakataa," binti akasema. "Ameniachia mimi." Akavaa glavu. "Mwinueni akae. Namtoa."

Akautoa mpira. Mzee akakohoa, akakohoa tena, wote wakakodoa macho kwenye kifua chake. Akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Binti akaanza kulia palepale mbele ya wenzake.

"Nisamehe, Profesa. Nimechelewa."

Mzee akajibu kwa sauti iliyokwaruza, "Hukuchelewa, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Sasa sisi je? Profesa alijua kuwanyang'anya wagonjwa mkongojo, lakini aliyempenda kama mwanawe alimwacha nao mpaka ukakaribia kumuua yeye mwenyewe. Mama, binti yako ana wajukuu wako wawili, na bado unampigia simu kumwambia chumvi aweke kiasi gani. Baba, kijana ana ndevu, duka umemkabidhi, funguo unalala nazo. Na wewe mzee wetu wa kwaya, usitazame dari, nakusema wewe. Tunasema tunawapenda, na ni kweli tunawapenda. Lakini siku tukilala kitandani mpira kooni, nani atathubutu kutusaidia, kama hatukumzoesha kuthubutu?

Sala ya kufunga leo siongozi mimi. Binti wa kiti cha nyuma, ndiyo, wewe mwenye kitambaa cha kijani, simama hapo hapo utuombee. Usiniangalie mimi, mwanangu. Nimeshafumba macho.