Siku Nyati Alipopigiwa Hodi

Hodi, wenyeji, hodi!

— Karibu!

Nimekuja na ngano. Niishike au niiweke?

— Iweke katikati, kila mtu aione!

Na atakayesinzia?

— Aote mwisho wake!

Basi. Ilikuwa Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi. Wengine wakiisimulia ngano hii husema saa nne kamili, lakini wanakosea. Saa nne kamili jua huwa limeshaingia kwenye mwanya wa jabali alikolala mama yake Pimbi, na siku ile lilikuwa bado halijaingia. Saa nne kasorobo, Nyati alitoka vichakani, tifu, tifu, tifu, vumbi likimfuata nyuma. Akasimama kando ya bwawa, akainua kwato, akaishusha. Pu!

"Sikilizeni! Kuanzia sasa bwawa hili ni langu. Atakayegusa maji, nitampiga!"

Ngiri, aliyekuwa anakunywa, alitimua mbio mkia wima kama mlingoti. Kanga akakusanya vifaranga wake, kwe-kwe-kwe, akapotelea nyasini. Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba, akabaki palepale, kwani kukimbia kungemchukua siku nzima.

Na mjue kwamba kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimekausha mito na visima vyote vya bonde lile. Maji yaliyobaki ni yale ya bwawani tu.

Juu ya jabali, Pimbi alikuwa ameona yote. Pimbi alikuwa mdogo, wa kuenea katika kikapu cha mayai, na hakuna aliyemshinda kwa wasiwasi. Mvua isiponyesha aliwaza, mvua ikinyesha aliwaza. Hata maneno aliyawaza. Ukimwambia "nitakuja," hulala akijiuliza utakuja lini, na nani, na kwa wema au kwa ugomvi.

Lakini siku ile wasiwasi wake ulikuwa na sababu. Mama yake alikuwa na homa tangu juzi. Midomo ilimpasuka, na kibuyu kilikuwa kikavu.

"Mwanangu, maji yapo?"

"Yapo, mama. Yana Nyati."

"Anasemaje?"

"Anasema atakayegusa, atampiga."

Mama akafumba macho. "Basi tungoje mvua."

Pimbi akakitazama kibuyu, akamtazama mama. Mama asingeifikia mvua, na hilo halikuhitaji mganga kuliona. Akalichukua neno la Nyati, akaligeuza, akaligeuza tena, kama mtu anayegeuza jiwe ili aone chini yake kuna nini. Nitampiga. Kisha akashuka na kibuyu chake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unataka kupigwa?"

"Hapana, mzee. Nataka kuuliza. Umesema utatupiga. Utatupiga nini?"

Nyati akaacha kutafuna. "Nini, nini? Kupiga ni kupiga. Pu! Basi."

"Basi kama neno kupiga ni lako, wenzako wanakuibia, mzee," Pimbi akasema. "Ngiri kila siku anapiga magoti akila majani."

"Nani kampa ruhusa? Hilo langu!"

"Shangazi Kanga anapiga kelele."

"Hilo nalo langu!"

"Kasuku anapiga mluzi."

"Hilo nalo langu!"

"Fisi anapiga miayo mchana kutwa. Kobe anapiga hatua. Na mama yangu amepiga chafya usiku kucha."

"Yote yangu! Hata hiyo chafya ni yangu!"

Sauti ikatoka ndani ya gamba. "Na hatua zangu, mzee?"

"Nazo!"

"Basi nifikishe nyumbani, maana mimi sina tena za kwendea."

"Nyamaza wewe, kifuniko cha chungu!"

Pimbi hakucheka. Alikuwa anamtazama Nyati. Aliona kwamba kila alipopewa jipya, Nyati alivimba shingo kidogo zaidi, na hakuuliza hata mara moja lina kazi gani. Alilimeza neno kama alivyomeza majani ya wenzake, na mizizi na udongo.

"Yamekwisha?" Nyati akauliza.

"Yamekwisha, mzee." Pimbi akageuka kama anayeondoka. "Limebaki moja, lakini dogo. Halikufai."

"Lipi?"

"Achana nalo, mzee."

"Nimesema lipi!"

"Kupiga hodi."

Masikio ya Nyati yakasimama.

Nyati dume akizeeka huachana na kundi. Hutembea peke yake, hulala popote usiku unapomkuta. Hana ukuta, hana kizingiti. Wanyama wakimwona hukimbia, na anayekimbia hapigi hodi. Tangu azaliwe, Nyati hakuwahi kupigiwa hodi na mtu yeyote.

"Na kwa nini lisinifae?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hodi hupigwa kwa mwenye nyumba. Wewe huna nyumba, mzee. Una pembe."

"Na hili bwawa? Si nimesema ni langu? Hii ndiyo nyumba yangu!"

"Labda," Pimbi akasema. "Lakini nyumba ina mambo yake. Mgeni husimama nje, hupiga hodi, mwenyewe humwitikia. Akipiga mara ya tatu na kukawa kimya, mgeni hurudi alikotoka, na huko anasema nyumba ile haina mtu."

"Haina mtu!" Nyati akashtuka. "Mimi, na ukubwa wote huu?"

"Atajuaje, mzee, kama hukumwitikia?"

Nyati akatafuna, na mdomoni hakuwa na jani. "Basi nendeni mkapige hodi. Wote! Asiyepiga hodi ndiye nitakayempiga."

Pimbi akarudi nyuma ya kichaka. Akaegemea shina akaona yote yanayoweza kuharibika, na yalikuwa mengi. Kisha akamkumbuka mama na midomo yake.

"Hodi!"

Kimya. Nyati alikuwa anajitengeneza, anafuta kwato moja kwa nyingine.

"Hodi!"

Kimya. Sasa alikuwa anatoa matope puani.

"Ho..."

"Karibu! Karibu ndani! Nipo, mimi nipo!"

Pimbi akaingia polepole. Akaketi, akaweka kibuyu pembeni. Nyati akamtazama. Pimbi akatazama vidole vyake. Nzi akapita, zii.

"Hapa pazuri, mzee."

"Ee."

Nzi akarudi, zii.

"Mbona umekaa tu?" Nyati akauliza.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mimi ni mgeni wako, mzee. Jua ndilo hilo. Mgeni akishaketi, kabla hata ya habari za nyumbani, mwenye nyumba humpa nini?"

Nyati alijua. Nani asiyejua? Katika bonde lile, hata waliogombea mpaka wa shamba walipeana maji kwanza, ugomvi ukafuata. Akayatazama maji. Akaziona pembe zake ndani ya maji, zimepinda, zinacheza-cheza. Ampige mgeni aliyemwitikia karibu kwa kinywa chake mwenyewe? Hilo hata Fisi hajalifanya. Na akimnyima? Kufika jioni bonde zima lingekuwa linasema: nimekwenda kwa Nyati, nimeketi mpaka nimechoka, hata maji sikupewa, nyumba ile haina mwenyewe.

"Kunywa," akasema.

Pimbi akanywa. Chwe, chwe, chwe.

"Nyumbani hawajambo?" Nyati akauliza, kwani ustaarabu ukishauanza hujui uuachie wapi.

"Mama anaumwa, mzee. Homa."

"Lo! Pole sana." Akakitazama kibuyu. "Mchotee basi. Mwambie yametoka... mwambie yametoka nyumbani kwa Nyati."

Kibuyu kikaingia majini, chubwi, na macho ya Pimbi yakalowa. Akaaga kama anavyoaga mgeni mwenye adabu, akatembea mpaka nyuma ya kichaka, na kutoka hapo akapanda jabali bila kugusa chini. Mama akainuliwa kichwa. Akanywa tone, akanywa funda, akafungua macho.

Bwawani, Kobe akatoa kichwa. "Hodi."

"Wewe si umo ndani?" Nyati akasema.

"Nitoke kwanza?"

"Toka, upige hodi kama wenzako!"

Kobe akaanza safari ya kutoka. Nyati akangoja. Akakaa, akasimama, akachungulia. "Bado?" "Bado, mzee, hatua umezichukua wewe." Jua lilipofika utosini ndipo hodi ya kwanza ilipotoka, na Nyati akaitikia hapohapo, kwa hofu kwamba akingoja ya tatu usiku utamkuta mlangoni.

Habari ikaenea bondeni. Kanga akaja na vifaranga, na kila kifaranga akapiga hodi yake. Ngiri akaja, akapiga magoti kwenye ukingo, akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Swala wakaja. Ngedere wakaja na mashemeji. "Hodi!" "Karibu." "Hodi!" "Karibuni." "Hodi, mzee!" "Si nimesema karibu!" Kufika alasiri sauti ilikuwa imemkwama kooni, na mwenyewe hakuwa amepata nafasi ya kunywa hata funda moja.

Jua lilipokuwa linazama, Pimbi akarudi na kibuyu kitupu. Akapiga hodi, akaitikiwa, akaketi.

"Pimbi," Nyati akasema. "Nimekaa nimewaza. Leo wamekunywa wote?"

"Wote, mzee."

"Na jana walikunywa wote?"

"Wote."

"Sasa mimi nimepata nini?"

Pimbi akakumbatia kibuyu chake. Aliona kwamba jibu baya lingeyamaliza yote: maji, mama, na yeye mwenyewe.

"Umepata neno, mzee."

"Lote?"

"Lote. Pamoja na chafya."

Nyati akalitafuna hilo kwa muda mrefu, taya likienda huku na huku. "Mmh," akasema mwishowe. "Si haba."

Pimbi akachota maji yake, akaaga. Alikuwa ameshafika kwenye kichaka aliposikia anaitwa.

"Pimbi! Kesho utakuja?"

"Nitakuja, mzee."

"Saa ngapi?" Akafukua udongo kwa kwato. "Na nani?"

Pimbi akageuka. Hakuwahi kudhani kwamba kuna mwingine bondeni anayeuliza maswali hayo.

"Mapema, mzee," akasema. "Peke yangu. Kwa wema."

Sasa ngano yangu imeketi vya kutosha, inaaga.

— Iache funzo mlangoni!

Funzo lake ni hili, mlishike vizuri. Neno lina maana moja tu, nayo ni ile ya mwenye pembe. Mkiwa na kiu msipoteze muda kuuliza-uliza; oteni pembe kwanza. Na mgeni akipiga hodi, jifanyeni mmelala, maana wageni humaliza maji.

— Mwongo huyo! Na Pimbi je?

Pimbi, asubuhi ya Alhamisi, alishuka mapema kama alivyosema. Alimkuta Nyati amelala fofofo, kidevu matopeni, anakoroma, khroo, khroo. Bwawa lilikuwa wazi upande wote. Angeweza kuchota na kuwa ameshafika nyumbani kabla jicho moja halijafunguka. Alisimama akayatazama yale maji. Akamtazama yule mzee peke yake kando ya maji, na nyasi alizokuwa amezilaza upande mmoja, mahali pa mgeni kukaa.

Akarudi nyuma hatua chache, mpaka pale ambapo pangekuwa na kizingiti kama pangekuwa na mlango. Akaweka kibuyu chini. Akasafisha koo, akapiga hodi.