Kwa Nini Kifua Hujenga Ukuta Ndani Yake

Hapo kale mapafu hayakuwa na kuta wala siri. Upepo uliingia ukatoka, na walinzi wa humo, Wabugiaji, waliajiriwa bila intavyuu wala kujuana na mkubwa, heri yao. Kazi ilikuwa moja: kidudu kikiingia, kimeze. Sheria nayo moja: ukishameza, bandika kipande cha adui kifuani pako, wenzako wamjue. Full stop.

Mlinzi mkongwe aliitwa Komba. Siku moja mwenye mwili alikaa chumba kisicho na dirisha pamoja na mtu anayekohoa, na kwa pumzi ile akapenya mgeni mwenye koti la nta. Komba akammeza mzima mzima. Nta haikusagika. Mgeni akaketi tumboni, akavua viatu, akaagiza mafuta, akaanza kuzaa.

Wiki zikapita. Mwenye mwili akakonda hadi mkanda ukaisha matundu. Komba peke yake akanenepa.

Bi Mnusi, mkaguzi wa walinzi, hakupenda hesabu hiyo. "Shikamoo, Mzee Komba. Njaa nchi nzima, hayo mashavu yametoka wapi?"

"Marahaba. Uzee tu, binti yangu."

"Uzee gani unang'aa mafuta? Na kipande chako kiko wapi?"

"Kilianguka."

"Eti kilianguka! Seriously, mzee? Hebu geuka."

Kifua kilikuwa kitupu. Tumboni, kitu kikacheka.

Hapo walinzi wakatazamana kwa jicho baya. Wakimuua Komba, watoto wa mgeni watatawanyika mapafu yote. Wakimwacha, atapasuka mwenyewe.

"Shikaneni mikono," Bi Mnusi akaamuru. "Mzungukeni. Asitoke."

"Binti, mimi ni wenu!"

"Najua, baba. Hata mlango wa nyumba huliwa na mchwa wa humo humo."

Na tangu siku hiyo, walinzi wa mapafu hawaendi nyumbani. Wamesimama bega kwa bega, kila mmoja akimkagua jirani yake kifuani. Ndiyo maana mtu huweza kukaa na mgeni huyo, kidudu cha kifua kikuu, miaka asijue. Njaa au maradhi mengine yakiwachosha walinzi, ukuta hupasuka, kikohozi kikaanza. Na kwa kuwa mgeni aliyejificha nyuma ya ukuta hafi upesi, dawa hunywewa miezi mingi, hata ukishanawiri ukajiona mzima. Kunenepa si ushahidi wa kupona. Komba naye alinenepa.